Wimbo Uliopita Akeri

Usiku wa kuamkia Oktoba 20, 1896, vijana wawili wa Ulaya walilala kambini Akeri, kwenye mteremko wa kusini-mashariki wa Mlima Meru. Mmoja, Ewald Ovir, alikuwa Mwestonia. Mwenzake, Karl Segebrock, alitoka Latvia. Walikuwa na siku chache tu tangu wafike kutoka Kilimanjaro, wakitafuta mahali pa kujenga kituo kipya cha Misheni ya Leipzig. Kabla hapajapambazuka, wapiganaji wa Kimeru na wa Kiarusha waliizingira kambi. Wamisionari wote wawili waliuawa, na pamoja nao Wachagga kadhaa waliofuatana nao.

Walutheri wa Meru wamelelewa na kisa hiki. Husimuliwa kanisani kama kisa cha mashahidi, na husimuliwa nyumbani kama mwanzo wa msiba mkubwa, maana kilichofuata ni moto na kitanzi. Simulizi zote mbili ni za kweli. Lakini ndani yake imo ya tatu, nayo ni ya muziki. Pale Akeri zilikutana kwa mara ya kwanza nchi mbili zilizo mbali mno, Meru na Latvia, na zote mbili zilikuja kupita njia inayofanana: zilipokea wimbo kutoka mikononi mwa watu wenye nguvu kuliko wao, kisha zikaufanya wao. Ndiyo maana leo, katika Kanisa Kuu la Riga, muziki wa Bach huweza kupigwa pamoja na wa Walatvia walio hai. Na ndiyo maana wimbo uliotungwa Makumira, chini ya mlima huuhuu, umo katika kitabu cha nyimbo cha Wajerumani.

Nchi aliyotoka Segebrock

Latvia ni nchi ndogo kando ya Bahari ya Baltiki, kati ya Estonia na Lithuania. Mwaka 1896 haikuwa na serikali yake. Ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Hata hivyo, mashamba makubwa, mahakama na makanisa ya mjini yalikuwa kwa karne nyingi mikononi mwa mabwana wa Kijerumani. Mababu wa mabwana hao walifika kama wapiganaji wa vita vya msalaba. Askofu Albert aliuanzisha mji wa Riga mwaka 1201, na mwaka 1211 ukawekwa msingi wa kanisa kuu lake. Walatvia waligeuzwa watumwa wa mashamba katika ardhi ya babu zao, na katika sehemu kubwa ya nchi hali hiyo ilifutwa kisheria kati ya mwaka 1817 na 1819 tu.

Mwaka 1884, miaka 12 kabla ya usiku ule wa Akeri, Kanisa Kuu la Riga lilizindua kinanda kipya. Kilitengenezwa na kampuni ya Walcker ya Ludwigsburg, Ujerumani, na wakati huo hakukuwa na kingine duniani kilichokizidi ukubwa. Kina mabomba 6,718. Bomba refu kuliko yote hufikia kama meta 10, na dogo halizidi milimita 13. Mpigaji hukaa mbele ya ngazi nne za vibonyezo vya mikono, na chini yake kuna safu nyingine ya kukanyaga kwa miguu. Ana rejista 124, yaani safu za mabomba zenye sauti mbalimbali, ambazo huzifungua na kuzifunga apendavyo: filimbi, tarumbeta, sauti nyororo kama ya mtu anayeimba peke yake, na ngurumo inayotikisa benchi ulilokalia. Mtunzi Franz Liszt aliandika kipande maalumu kwa uzinduzi wake, akitumia wimbo wa zamani wa Kilutheri wa kumshukuru Mungu.

Msomaji ambaye hajawahi kukiona kinanda cha namna hiyo amfikirie mhunzi na mvukuto wake. Kinanda cha mabomba ni mvukuto mkubwa na filimbi elfu kadhaa. Hakina nyuzi wala ngozi ya kupigwa. Huimba kwa upepo, na upepo ukikatika, kinanyamaza. Kwa hiyo, pamoja na ukubwa wake, ni ndugu wa filimbi ya mchungaji wa mbuzi.

Kinanda kile kilikuwa cha kanisa la Wajerumani wa mjini. Walatvia walikuwa na kitu kingine: sauti zao. Mwaka 1873 walikusanyika Riga kwa tamasha lao la kwanza la kitaifa la nyimbo, waimbaji wapatao 1,000 kutoka pande zote za nchi. Bwana wa shamba aliweza kutwaa ardhi, mavuno na nguvu za mtu. Wimbo wa bibi kwa mjukuu hakuweza kuutwaa, na kutoka kwenye nyimbo hizo Walatvia walianza kujiona kama taifa.

Mji wa Bach

Ovir na Segebrock walisomea kazi yao Leipzig. Misheni iliyowatuma ilianzishwa Dresden mwaka 1836, ikahamia Leipzig mwaka 1848. Mlutheri anapoutaja mji huo hutaja pia jina la Johann Sebastian Bach, aliyeongoza muziki wa Kanisa la Mtakatifu Tomaso hapo kuanzia mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750.

Kipindi cha muziki wa Ulaya kati ya mwaka 1600 na 1750 hivi huitwa Baroki, na kwa kinanda cha kanisa ndicho kipindi cha dhahabu. Kijana Bach aliutafuta muziki huo kwa miguu. Mwaka 1705, akiwa na miaka 20, alitembea kutoka Arnstadt hadi Lübeck kumsikiliza mzee Dieterich Buxtehude akipiga. Ni kama kilometa 400, umbali unaokaribia ule wa barabara ya Arusha hadi Dodoma.

Msingi wa muziki huo ni korali, wimbo wa ibada ambao Martin Luther alitaka uimbwe na waumini wote kwa lugha yao. Mpiga kinanda wa zama za Baroki aliichukua korali ambayo kila mtu kanisani aliijua, akaiweka katika sauti moja, kisha akazungushia sauti nyingine kushoto na kulia. Ni kama mzee anayezungumza taratibu katikati ya baraza, huku vijana wakidakiza, wakirudia maneno yake na kuyageuza, na yeye akiendelea na hoja yake hadi mwisho. Ukiijua korali, unaisikia ikipita ndani ya msitu wa sauti, na moyo wako unaifuata. Usipoijua, utasikia uzuri tu. Muziki huu uliandikwa kwa ajili ya watu wanaoimba.

Kutoka kwa Bach hadi Riga palikuwa na daraja la mtu mmoja. Katika miezi ya mwisho ya uhai wa Bach, mwaka 1750, alifika kwake mwanafunzi aitwaye Johann Gottfried Müthel. Miaka mitatu baadaye Müthel alihamia Riga, akawa mpiga kinanda wa Kanisa la Mtakatifu Petro kuanzia mwaka 1767, na huko akabaki hadi alipofariki mwaka 1788. Hivyo nchi aliyotoka Segebrock ilikuwa imeupokea muziki wa Leipzig kutoka kwa mtu aliyeketi chumba kimoja na Bach.

Bunduki na wimbo njia moja

Misheni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893 na kuanza kazi Machame. Miaka mitatu baadaye iliutazama Meru, uliokuwa chini ya mtawala wake, Mangi Matunda. Kwa bahati mbaya, aliyeutazama Meru wakati huohuo ni Kapteni Kurt Johannes, mkuu wa jeshi la Wajerumani mjini Moshi. Msafara wake wa askari ulikuwa karibu na kambi ya wamisionari. Kijana wa Kimeru aliyesimama juu ya kilima na kuzitazama kambi zile mbili, angetenganishaje ya injili na ya bunduki? Wageni ni wa rangi moja, wamefika msimu mmoja, kwa njia moja. Wapiganaji walioingia kambi ya Ovir na Segebrock waliishambulia pia kambi ya Johannes, lakini huko walirudishwa nyuma kwa risasi.

Kisasi kilikuwa kikali kupita kiasi. Johannes alirudi na askari pamoja na wapiganaji wengi wa Kichagga. Nyumba zilichomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, watu wengi wakauawa. Kwa watu wa mlimani, mgomba na ng'ombe ni chakula, mahari, sadaka na heshima. Kuvifuta vyote kwa pamoja ni kuifuta nyumba. Machi 1900 Wajerumani waliwanyonga Moshi viongozi 19 wa Kilimanjaro na Meru, akiwemo Mangi Meli wa Moshi na Mangi Lobulu wa Meru. Wakati huohuo wanaume wa Kimeru na Kiarusha walilazimishwa kujenga Boma la Arusha, jengo ambalo leo ni makumbusho mjini kwetu.

Katika nchi iliyokuwa bado ina majivu, wamisionari walirudi. Mwaka 1902 walifungua kituo Nkoaranga, juu kidogo ya Akeri, na mwaka 1904 wakafungua kingine Ilboru, kwa Waarusha. Kila Jumapili ziliimbwa korali, zilezile za Leipzig na Riga.

Ni lazima tujiulize, bila kuficha uso, kwa nini watoto na wajukuu wa waliochomewa nyumba walikubali kuimba. Jibu jepesi ni kwamba walilazimishwa. Jibu hilo halilingani na yaliyotokea baadaye. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, na mwaka 1920 vituo vilibaki bila wao. Kama nyimbo zile zingekuwa amri ya Mjerumani, zingeondoka naye. Walimu na wazee wa Kiafrika walishika ibada, wakafundisha, wakazika, wakabariki ndoa, na wakaimba. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani waliondolewa tena, na kuimba hakukukoma. Wimbo ulikuwa umebadilisha mmiliki.

Kinanda cha midomo

Kubadilisha mmiliki kulianza na kifua. Vituo vya mlimani havikuwa na kinanda cha mabomba elfu sita. Kilichopanda mlima vizuri ni tarumbeta. Walutheri wa Ujerumani walikuwa na desturi ya vikundi vya tarumbeta tangu karne ya 19. Mchungaji Johannes Kuhlo, aliyeishi kuanzia mwaka 1856 hadi 1941, aliwafundisha wapigaji kusoma maandishi ya muziki kama yalivyoandikwa kwa kinanda, ili kikundi kiweze kupiga korali yote, sauti zote nne, bila kuandikiwa upya. Kikundi cha tarumbeta kikawa kinanda kinachotembea.

Wachagga na Wameru walikipokea kinanda hicho kwa mikono miwili. Harusi bila matarumbeta huonekana imepungukiwa. Katika msiba, wapigaji husimama kando ya kaburi chini ya migomba, na korali iliyotungwa Ulaya karne kadhaa zilizopita hupanda kwenye ukungu wa mlima kama ilizaliwa hapo. Mwana wa marehemu hasikii Ujerumani katika sauti hiyo. Anasikia mazishi ya babu yake, na ya bibi yake, na kwamba leo ni zamu ya baba. Wimbo ukishazika vizazi vitatu vya ukoo, nani tena atauita mgeni?

Hata hivyo kulikuwa na kitu kilichokwaruza. Lugha za Kibantu za mlimani huhitaji toni: neno hupanda na kushuka, na kwa kupanda na kushuka hupata maana. Korali nayo ina njia yake ya kupanda na kushuka, iliyowekwa kwa Kijerumani. Maneno ya Kiafrika yakibandikwa juu yake, mara nyingi tuni huvuta juu pale neno linapotaka kushuka, na mkazo huangukia silabi isiyo yake. Kiswahili hakina toni hizo, lakini mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tuni ya kigeni haijui hilo. Waumini waliimba kwa upendo maneno yaliyokuwa yamepindwa. Kuupenda wimbo na kuumiliki si jambo moja. Kilichobaki ni kutunga.

Makumira

Ukitoka Arusha kwa barabara ya Moshi, ukapita Tengeru na kukaribia Usa River, unafika Makumira. Chuo cha theolojia cha Walutheri kilianzia Lwandai, Usambara, mwaka 1947, kikahamia hapa mwaka 1954. Vijana walitoka Kilimanjaro, Pare, Singida, Iringa, Bukoba, kila mmoja na nyimbo za kwao masikioni. Mmisionari Mmarekani Howard Olson, aliyefundisha hapo, aliona kwamba hazina ya kanisa ilikuwa imekaa madarasani ikisubiri kuulizwa. Aliwahimiza wanafunzi wachukue tuni za kwao na kuziandikia maneno ya Kiswahili, akazikusanya katika kitabu kiitwacho Tumshangilie Mungu.

Mwaka 1966 mwanafunzi mmoja kutoka Bukoba, Bernard Kyamanywa, aliandika wimbo wa Pasaka kwa tuni ya Kihaya. Unaitwa Mfurahini, Haleluya. Kiongozi husimulia habari ya kaburi tupu, na wote huitikia. Hapana neno lililopindwa. Tuni na Kiswahili vinatembea pamoja kama mtu na kivuli chake. Nchi hii ilikuwa na miaka mitano tu ya uhuru. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lenyewe lilikuwa limeundwa mwaka 1963, kwa kuunganisha makanisa saba, na makao yake makuu yakawekwa Arusha, Barabara ya Boma, jirani na lile boma la majasho ya Wameru na Waarusha.

Wimbo huo haukubaki Makumira. Ulitafsiriwa kwa Kijerumani na kwa Kiingereza, ukaenea duniani. Katika kitabu cha nyimbo kinachotumiwa na makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, uko namba 116, ndani ya majalada yaleyale yenye nyimbo za Luther. Miaka 70 baada ya Akeri, njia iliyoleta wimbo ilianza kupeleka wimbo.

Riga tena

Walatvia nao walikuwa njiani. Walitangaza uhuru wao Novemba 18, 1918, wakaupoteza mwaka 1940 majeshi ya Kisovieti yalipoingia. Chini ya utawala huo Kanisa Kuu la Riga lilifungiwa ibada na kufanywa ukumbi wa muziki. Watawala walidhani wamelinyamazisha. Lakini waliacha kinanda ndani, na Bach aliendelea kuhubiri bila mchungaji.

Katika miaka hiyo alikua Pēteris Vasks, aliyezaliwa mwaka 1946 katika mji wa Aizpute, mtoto wa mchungaji wa Kibaptisti. Kwa sababu ya kazi ya baba yake, milango ya masomo ya juu ya muziki nchini kwake ilifungwa mbele yake. Akaenda Lithuania kusomea zeze kubwa la besi. Leo ndiye mtunzi wa Kilatvia anayejulikana zaidi duniani. Kwa kinanda aliandika Cantus ad pacem mwaka 1984, wimbo wa kuililia amani wakati kuitaja imani waziwazi kulikuwa hatari. Agosti 23, 1989, watu wapatao milioni mbili wa Estonia, Latvia na Lithuania walishikana mikono katika mnyororo uliopita nchi zote tatu, zaidi ya kilometa 600, na harakati zao zikaitwa mapinduzi ya kuimba. Mwaka 1991 Latvia ilirudi kuwa huru. Mwaka huohuo Vasks aliandika Te Deum kwa kinanda, utenzi wa kale wa kumsifu Mungu.

Mwenzake, Aivars Kalējs, aliyezaliwa mwaka 1951, amekuwa mpigaji wa kinanda kilekile cha Riga na mtunzi wake pia. Hapo unaelewa kwa nini tamasha la kinanda Riga huweza kumweka Bach mwanzoni na Vasks au Kalējs baada yake, bila mmoja kumwonea aibu mwingine. Bach anaonyesha jinsi korali inavyotembea. Vasks anaonyesha jinsi watu waliokatazwa kusema wanavyopumua tena. Kinanda kilichoagizwa na Wajerumani kwa fahari yao sasa kinasema Kilatvia, na hakikubomolewa ili kifanye hivyo.

Ninaposikiliza muziki huo nikiwa Arusha, namfikiria Segebrock, na nawafikiria pia wapiganaji waliomzingira. Yeye alitoka nchi iliyoijua dini ya mwenye upanga. Wao walikuwa wakiilinda nchi isije ikaijua. Hawakupata nafasi ya kuambiana hayo.

Kazi iliyobaki ni yetu. Makumira leo ni chuo kikuu, na kina shahada ya muziki ambamo ngoma na marimba hufundishwa pamoja na muziki wa Ulaya. Kwaya zetu hazihesabiki na matarumbeta yako kila upande wa mlima. Tunachohitaji ni watunzi watakaoyaandikia matarumbeta hayo muziki wa Kimeru na wa Kiarusha kwa ufundi uleule ambao Bach aliipa korali na Vasks anaipa Latvia; muziki utakaosimama programu moja na Baroki, ukasikilizwa kwa haki yake. Tuni zipo kwa wazee. Zisipoandikwa zitazikwa nao, na tarumbeta zitawapigia korali ya Leipzig, maana ndiyo iliyoandikwa.

Nimeshaota jinsi tamasha la kwanza litakavyokuwa. Litakuwa Akeri, asubuhi, ukungu ukiwa bado kwenye migomba. Wataanza na korali ambayo vijana wawili wa Baltiki waliijua tangu utotoni. Kisha kijana wa hapohapo, wa ukoo uliochomewa nyumba mwaka 1896, atainua tarumbeta na kupiga wimbo alioutunga mwenyewe.